Fundi anataka kukata waya wa taa za AUTO: nimkubalie?

Swali:

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mafinga. Mwaka jana nilinunua gari la kijivu la mwaka 2016 kutoka Japani, lina taa zinazojiwasha zenyewe. Mwanzoni nilifurahi, sasa zimenichosha. Asubuhi nikienda kazini kupitia msitu wa Sao Hill zinawaka mchana kweupe, watu wananichezea vidole kunionyesha kwamba taa zinawaka. Lakini mwezi uliopita nikiwa Mikumi ilinyesha mvua kubwa saa tisa alasiri, hazikuwaka kabisa. Basi lilinijia kwa nyuma likafunga breki mpaka likayumba. Usiku ndiyo kero zaidi: ful, ule mwanga wa mbali, inajiwasha na kujishusha yenyewe, na kwenye kona za Kitonga inachelewa kushuka, madereva wa malori wananipiga ful za hasira. Tena nikizima gari, taa zinabaki zinawaka, naogopa betri. Fundi wangu anasema dawa ni kukata waya wa sensa. Nimkubalie?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Usimkubalie. Sababu nitakupa, ila nianze na hiyo mvua ya Mikumi, kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo lililonishtua. Kuwaka mchana msituni hakuna anayeumia. Gari la kijivu lisilo na taa nyuma, ndani ya mvua, basi likiwa mgongoni, hapo mtu anapoteza maisha.

Ili uelewe kwa nini taa zilikaa kimya siku hiyo, fanya jaribio dogo kesho. Paki gari juani, washa injini, weka swichi ya taa kwenye AUTO. Sasa angalia juu ya dashibodi, kule mwisho inapokutana na kioo cha mbele. Utaona kidude cheusi cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, kimejibenua kidogo. Kwenye magari mengine hakipo hapo, kimebandikwa kwenye kioo nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Kifunike kwa kidole gumba vizuri, mwanga usipenye pembeni. Baada ya muda mfupi utasikia "tak" ya rilei (swichi ya umeme ya ndani), taa zitawaka, na alama ya kijani itaonekana kwenye dashibodi. Ondoa kidole, anza kuhesabu. Taa hazitazimika papo hapo, zitasubiri kwanza.

Hicho kifungo ndiyo sensa yako, na umeona kazi yake yote. Kinapima mwanga unaokiangukia, basi. Hakijui kwamba kuna mvua, hakijui kwamba kuna basi nyuma, hakijui kwamba gari lako ni la kijivu na barabara ni ya kijivu. Kimelala pale kinatazama mbingu kupitia kioo. Wewe unachotaka kujua barabarani ni kama wenzako wanakuona. Chenyewe kinajibu swali lingine kabisa: je, huku juu ya dashibodi kuna giza? Mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili yanafanana, ndiyo maana tunakiamini. Siku yanapoachana ndipo tunapolaumu gari.

Sasa tazama namba. Kanuni ya kimataifa ya taa za magari, ile ya Umoja wa Mataifa ambayo Japani inaifuata, inataka taa za kujiwasha ziwake mwanga wa nje ukishuka chini ya laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), na ziwake ndani ya sekunde 2. Ukipanda juu ya laksi 7,000 zizimike, lakini zisubiri zaidi ya sekunde 5, na zisizidi sekunde 300. Katikati ya vipimo hivyo mtengenezaji anaamua mwenyewe. Gari lako ni la 2016, limetengenezwa kabla Japani haijaifanya kuwa lazima, kwa hiyo vipimo vyake vinaweza kutofautiana kidogo, ila mantiki ni ileile. Jua la mchana bila wingu linapita laksi 100,000. Mvua ya saa tisa pale Mikumi, hata kama wewe umeinama kwenye usukani huoni mita 50, mwanga unaotoka juu ya mawingu bado mara nyingi ni laksi elfu kadhaa. Kwa sensa huo ni mchana. Ukungu ni mbaya zaidi, maana wenyewe unang'aa. Asubuhi za Juni huko kwenu nyanda za juu, au kwa jirani zetu Wakenya pale Kimende, ukungu unakuwa mweupe kama pazia lililopigwa na jua. Sensa inaoga mwanga wakati dereva haoni boneti yake. Vumbi nyuma ya lori ni hivyohivyo.

Kwa hiyo sensa yako haijaharibika. Siku ile ilifanya kazi iliyotengenezewa, na kazi hiyo haikuwa ile uliyoihitaji.

Nikuongezee jambo ambalo naliona kila msimu wa mvua na linaniuma. Zamani, ukiendesha gizani bila taa, dashibodi nayo ilikuwa giza. Huoni spidi, huoni mafuta, unakumbuka: aa, taa! Magari ya siku hizi dashibodi inawaka muda wote, mchana na usiku, yenye rangi na skrini. Tena mengi yana zile taa ndogo za mchana mbele, zinazowaka injini ikiwaka. Dereva anaona mwanga mbele yake ukirudi kutoka kwenye lami iliyolowa, anaona dashibodi inameremeta, anasema moyoni taa ninazo. Nyuma hana hata nukta moja nyekundu. Ulaya ililazimisha taa hizo za mchana kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, na haikulazimisha za nyuma ziwake nazo. Kanada waliziba pengo hilo baadaye: gari jipya linalotengenezwa kuanzia Septemba 2021 lazima ama liwashe taa za nyuma pamoja na zile za mchana, ama liwashe taa zote lenyewe gizani, ama dashibodi yake ibaki giza ili dereva ashtuke. Hilo la tatu linanifurahisha sana, kwa sababu ndivyo magari yetu ya zamani yalivyokuwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kukaa nyuma ya gari la namna hiyo, jioni ya mvua, kati ya Doma na Mikumi. Nilichokiona kwanza kilikuwa maji yanayorushwa na matairi. Halafu ndani ya yale maji kikatokea kivuli, na kile kivuli kilikuwa buti ya gari, mita chache mbele yangu. Tulipolipita mvulana wangu aligeuka akasema, "Baba, mbona mbele linawaka?" Dereva wake alikuwa na uhakika kabisa kwamba yuko salama.

Kwa hiyo kanuni yangu, na ningependa uifanye kama unavyofunga mkanda: ukiwasha wapa kwa mvua, mkono uleule uende kwenye swichi ya taa, uitoe AUTO, uipeleke kwenye taa kubwa, yaani taa za mbele zikiwa kwenye mwanga wa chini (dim), si ful. Ukungu, vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa, vivyo hivyo. Ukiiweka mwenyewe kwenye taa kubwa, za nyuma zinawaka nazo na hakuna sensa itakayokuzimia. Wapo wanaoona aibu kuwasha taa mchana kwa sababu ya wale wanaochezesha vidole. Waache wachezeshe. Sweden madereva wanawasha taa mchana kwa sheria tangu 1977, na hakuna betri iliyokufa kwa ajili hiyo injini ikiwa inachaji.

Hapo ndipo tunaingia Sao Hill. Misonobari ile imepandwa kwa msongamano, kivuli chake kizito, na asubuhi jua liko chini. Sensa inaingia gizani, inawasha. Unatoka kwenye uwazi, inasubiri sekunde zake, inazima. Ukiingia tena, inawasha. Kwa hili sina la kulalamika, gari ndani ya kivuli linafaa kuonekana. Tatizo ni lugha. Kwetu taa zina maneno yake: mtu akikuwashia mara mbili mbele, anakwambia trafiki yuko huko, au kuna ng'ombe, au nipishe. Gari linalowaka na kuzima lenyewe linasema maneno ambayo dereva wake hakuyakusudia. Kwenye kipande hicho cha barabara weka taa kubwa kwa mkono tangu unapoingia msitu hadi unapotoka, uache kuzungumza bila kujua.

Ila kama zinawaka hata kwenye uwazi, jua kali, hapo kuna kitu. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, tazama kile kifungo. Nimepokea magari mengi ya "sensa mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa kitambaa. Kile kitambaa cha manyoya watu wanachotandika juu ya dashibodi, kimesogea, kimefunika sensa, gari linaamini ni usiku wa manane. Mara nyingine ni stika, mara nyingine tinti iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele mpaka ikashuka kupita kiasi, mara nyingine ni vumbi tu na mafuta ya kile kipolishi cha dashibodi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha rudia jaribio la kidole. Kifungo kikiwa safi na taa bado ni nyepesi mno kuwaka, kwenye magari mengi fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kuingia na kupunguza wepesi wa sensa ngazi moja au mbili. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna waya unaoguswa.

Sasa Kitonga. Hapa nitakaa kidogo.

Ful ya kujiendesha haitumii kile kifungo cha dashibodi. Inatumia kamera iliyo juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kati. Kamera inatafuta vitu viwili gizani: taa nyeupe zinazokuja na taa nyekundu zinazokwenda. Ikiona, inashusha. Isipoona, na gari likiwa na mwendo, kwa kawaida kuanzia kama kilomita 30 kwa saa, inapandisha. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. General Motors waliweka jicho la umeme la kushusha ful juu ya dashibodi za Cadillac na Oldsmobile mwaka 1952. Jicho limeboreka sana tangu hapo, lakini bado linasubiri kuona taa yenyewe.

Wewe husubiri. Ukiwa unashuka Kitonga usiku, unaona mwanga unatambaa kwenye ukuta wa mwamba kabla lori halijatokea kwenye kona. Kwenye vilima vya huku unaona anga linapauka nyuma ya mgongo wa barabara, unajua kuna mtu anapanda upande wa pili, unashusha kabla hamjaonana. Huo ndio ustaarabu wa barabara ya usiku, na dereva wa lori anakupima kwa huo. Kamera haisomi mwanga kwenye mwamba. Inangoja taa zenyewe zichomoze, halafu ifikirie, halafu ishushe, na wakati huo dereva wa tani 30 tayari ameshapigwa machoni akiwa katikati ya kona. Ndiyo maana anakasirika, na ana haki.

Kinyume chake nacho kipo. Vibao vinavyong'aa kwenye kona, zile mishale za njano na nyeusi, vinarudisha mwanga wa ful yako kwa nguvu mpaka kamera inadhani ni gari, inashusha pale ambapo wewe ulihitaji kuona ukingo. Ukiwa nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa konokono, spidi inashuka chini ya kiwango, ful inajifunga. Na kuna wale ambao kamera haina namna ya kuwajua vizuri: mtu wa miguu, baiskeli isiyo na taa wala kiakisi, guta, bodaboda ambaye taa ya nyuma ilishavunjika, tela ambalo taa zake zimefunikwa tope la Ruaha Mbuyuni. Ile kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka mfumo huo uione gari inayokuja tangu mita 400, inayotangulia tangu mita 100, na baiskeli inayokuja tangu mita 75, lakini baiskeli hiyo ni ile yenye taa nyeupe mbele. Sijui utakutana na ngapi za hivyo usiku kati ya Mikumi na Kidatu.

Kwa hiyo katika barabara ile ful iwe mikononi mwako. Kuizima si lazima ukate chochote. Kwenye magari mengi ya Japani ful ya kujiendesha inafanya kazi tu swichi ikiwa AUTO na mkono wa taa ukiwa umesukumwa mbele. Ukirudisha mkono katikati, au ukitoa swichi AUTO ukaipeleka kwenye taa kubwa, kamera inanyamaza. Mengine yana kitufe chenye picha ya taa na herufi A. Ukikizima, ile alama yenye A inatoweka kwenye dashibodi. Alama ya bluu ya ful ikiwaka sasa ujue ni wewe umeiwasha.

Usije ukaenda upande wa pili ukaendesha kwa dim usiku kucha kwa kuogopa matusi. Dim iliyopimwa vizuri inakuonyesha kama mita 50 au 60 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Mpaka uone, ushtuke, ukanyage na gari lisimame, zimepita kama mita 70, tena lami ikiwa kavu. Yaani unaendesha mbele ya macho yako. Barabara ikiwa tupu piga ful, ukiona dalili ya mwenzako shusha, na ukiwa kwenye dim punguza mwendo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu hizo ful za hasira, na hukuliuliza. Inawezekana wanakupiga ful hata ukiwa kwenye dim. Gari lililowekwa spesa ili lipande juu, au lililobeba magunia nyuma, linainua pua. Taa yako iliyopimwa ishuke sentimita 10 kwa kila mita 10 inaweza kupotezewa mteremko wote huo kwa pua kuinuka digrii moja tu. Angalia kushoto au kulia kwa usukani, huenda kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Ukiwa peke yako kiwe 0. Ukipakia, kipandishe, taa zinashuka. Kama halina kigurudumu na taa zake ni zenoni au LED za kiwandani, huenda linajipima lenyewe kwa sensa iliyo kwenye mguu wa nyuma, yenye kafimbo kadogo. Ukiweka spesa bila kurekebisha kafimbo hako, taa zinadanganyika. Na kama aliyekuuzia alibadilisha balbu za halojeni akaweka LED au zenoni za dukani ndani ya reflekta ileile (kile kioo cha ndani ya taa kinachorusha mwanga mbele), rudisha halojeni. Reflekta ilichongwa kwa waya mdogo unaowaka mahali pamoja maalumu. Ukiweka mwanga mwingine wa umbo jingine, unatawanyika kila upande, unaingia macho ya watu, na wewe mwenyewe huoni mbali zaidi. Unaona tu lami ya karibu ikiwa nyeupe.

Betri isikusumbue. Taa kubaki zinawaka ukishazima gari ni hisani ya kukuangazia mpaka mlangoni, na kwa kawaida zinazimika zenyewe ndani ya nusu dakika au hivyo, au ukifungua mlango wa dereva. Balbu mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9. Kwa sekunde 30 hiyo si hata sehemu ya mia moja ya kilichomo kwenye betri ya kawaida. Zikikaa dakika kumi hazijazimika, hapo njoo tuongee, mara nyingi ni rilei iliyoganda.

Na waya? Kwenye magari mengi ndani ya kile kifungo kimoja kuna macho mawili: moja la taa, jingine linalopima jua kwa ajili ya kiyoyozi. Ukikata, unaweza kuamka kiyoyozi hakijui tena kama kuna jua, skrini haipungui mwanga usiku, na kompyuta ya gari imejaza makosa. Utakuwa umelipa kupoteza vitu vitatu ili kuzima kimoja ambacho kina swichi yake. Wenye magari mapya zaidi ndio wenye mgogoro wa kweli: Japani ililazimisha taa za kujiwasha kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Aprili 2020, na kwa zile zilizokuwa zikiendelea kuuzwa kuanzia Oktoba 2021, na hayo ukiwa unatembea gizani hayakubali kuzimwa. Lako linakubali. Zungusha swichi.

Ukienda kwa huyo fundi, mwache na koleo lake, mpe kazi hii badala yake. Jioni, jaza mafuta, pandisha upepo wa matairi, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani kwenye ardhi tambarare, mtu mmoja akiwa amekaa kiti cha dereva. Apime urefu kutoka chini hadi katikati ya balbu, achore mstari wa urefu huo ukutani kwa chaki, achore mwingine sentimita 10 chini yake. Washa dim. Ukingo wa juu wa mwanga ulale kwenye mstari wa chini, na kwa upande wa kushoto uinuke kidogo, maana gari la Japani limetengenezwa kwa barabara za mkono wa kushoto kama zetu. Ukipita mstari wa juu, kuna skrubu nyuma ya taa, ageuze taratibu mpaka ushuke. Akimaliza, zunguka nyuma ya gari uhesabu taa kwa macho yako: nyekundu ya kushoto, nyekundu ya kulia, na nyeupe ya namba.